Mchezo ambao magurudumu hayazunguki

Anayetoka Songea kwenda Mbinga hupita Kigonsera juu ya lami safi. Akiacha barabara kuu tu, anapokelewa na udongo mwekundu na milima ya Umatengo, ile iliyowafanya wazee wabuni kilimo cha ngoro ili mvua isibebe shamba lote hadi bondeni. Kwa mtu anayetumia kiti mwendo, mteremko huo ni kizuizi cha kila siku. Kwa hiyo mazungumzo ya michezo ya watu wenye ulemavu huku kwetu hukwama mapema: mbio zinataka njia laini, mpira wa kikapu unataka sakafu pana, na sisi tuna vilima.

Upo mchezo mmoja ambao kiti hakiendi popote. Ni vitara, yaani kushindana kwa panga nyembamba zisizo na makali. Viti viwili hufungwa imara kwenye fremu ya chuma, wachezaji wakielekeana kwa mshazari. Umbali hupimwa kabla ya pambano: mmoja ananyoosha mkono wenye upanga, mwenzake anakunja wake, na ncha inapaswa kufika kwenye kiwiko. Mwenye mikono mifupi ndiye anayechagua umbali utakaotumika. Baada ya hapo hakuna kukimbia. Mkono mmoja unashika kiti, mwingine unapigana, na makalio hayaruhusiwi kuinuka. Kukwepa ni kulaza kiwiliwili nyuma au pembeni, kisha kurudi kwa kasi kabla mpinzani hajajipanga. Kwenye mtoano, anayetangulia kugusa mara 15 ndiye mshindi.

Mchezo huu ulikuzwa na daktari Ludwig Guttmann katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, alikokuwa akiwatibu askari walioumia uti wa mgongo katika Vita Kuu ya Pili. Ulikuwemo kwenye Paralimpiki ya kwanza, Roma 1960. Lakini aliyeufanya ujulikane hata kwa wasiofuatilia vitara ni binti wa Kiitaliano, Beatrice Vio, ambaye kila mtu anamwita Bebe.

Alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1997, na alianza vitara akiwa mtoto mdogo, kwa miguu yake mwenyewe. Novemba 2008, akiwa na miaka 11, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Sumu ilienea kwenye damu, na ili kumwokoa madaktari wakamkata mikono yote miwili chini ya viwiko na miguu yote miwili chini ya magoti. Alikaa hospitali zaidi ya miezi mitatu. Alipotoka, alitaka kurudi kwenye vitara.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Kwa mchezaji wa kawaida, vidole ndivyo vinavyoongoza ncha ya upanga; kuchezesha kidogo tu kunatosha kumlaghai mpinzani. Bebe hana vidole wala kifundo cha mkono. Floreti yake, upanga unaohesabu miguso ya kiwiliwili peke yake, ilifungwa kwenye mkono bandia, na kazi yote ya vidole ilibidi ifanywe na kiwiko na bega. Amepambana na watu wenye vidole kumi na kuwashinda. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 huko Eger, Hungaria, akarudia 2017 Roma na 2019 Cheongju, Korea Kusini. Rio 2016 alitwaa dhahabu ya Paralimpiki katika kundi lake la ulemavu, kundi B, kwa kumfunga Zhou Jingjing wa China.

Paralimpiki ya Tokyo ndiyo inayonigusa zaidi. Mapema mwaka 2021 maambukizi ya bakteria yalimshika kiwiko, kile kile kilichofanya kazi ya vidole. Madaktari walihofia kukata sehemu ya mkono huo iliyobaki, hata kumpoteza yeye mwenyewe. Alifanyiwa upasuaji, na Agosti mwaka huo huo akamshinda tena Zhou, 15 kwa 9. Habari za ugonjwa alizieleza hadharani baada ya dhahabu kuwa shingoni. Paris 2024 alipata shaba, na mwaka 2025 akaachana na vitara kuingia kwenye mbio.

Watu humsifu kwa ujasiri, na anastahili. Mimi nawasifu pia waliomzunguka. Mwaka 2009 wazazi wake, Teresa na Ruggero, walianzisha chama cha art4sport, kinachowasaidia watoto waliokatwa viungo kupata vifaa vya michezo. Mkono bandia wa kushikia floreti hauuzwi dukani. Fundi anakaa na mchezaji, anapima, anarekebisha, anapima tena. Utaalamu wa aina hiyo nchini kwetu upo. Chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Tatizo la mzazi wa Kigonsera ni safari: Moshi iko upande wa pili wa nchi, na mtoto anayekua anahitaji kiungo kipya kila kile cha zamani kinapombana.

Wala vitara si vya Ulaya peke yake. Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alitwaa fedha ya dunia jijini Cairo mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, kisha akahamia Kenya na kuiwakilisha Paris 2024. Yeye hucheza kwa kusimama, lakini mlango ameufungua.

Fremu ya viti ni chuma cha kuchomelea. Mafundi wa Mbinga mjini, wanaotengeneza mageti na madirisha kila siku, wakipewa mchoro na vipimo wanaweza kuanza nayo. Panga, barakoa za wavu na makoti ya kinga itabidi viagizwe, na mkulima wa kahawa haimudu bei yake. Kifaa cha taa kinachoonyesha miguso kinaweza kusubiri. Zamani waamuzi waliangalia miguso kwa macho. Nafasi inayohitajika ni kipande cha sakafu ya saruji ndani ya bwalo la shule. Ofisi ya michezo ya wilaya iombe mchoro huo, na pambano la kwanza la maonyesho liwekwe siku ile ile shule za sekondari zinapokusanyika kwa michezo ya UMISSETA, watoto wa viti mwendo wakiwa wamealikwa kama wachezaji.