Kahawa Bila Buni

Kianjokoma ni mahali pa kahawa ambapo watu hunywa chai. Ukipanda kutoka mji wa Embu kuelekea Mlima Kenya, mashamba ya mibuni yanakusindikiza mpaka majani chai yanapoanza kuyapokonya nafasi. Mkulima wa huko atakueleza tunda linachumwa likiwa na wekundu gani, kiwanda cha ushirika kinapokea siku zipi, na malipo ya mwaka juzi yalikuwa shilingi ngapi kwa kilo. Ladha ya buni zake zikishakaangwa ni habari nyingine. Kenya huuza nje sehemu kubwa kabisa ya kahawa yake, na jikoni kwetu sufuria ni ya chai ya maziwa.

Ndiyo maana chupa moja ya bia nyeusi, aina ya stauti, iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani ilitupa kazi. Ilikuwa moja ya zile zinazotengenezwa ziwe mbadala wa kitindamlo: imetiwa kahawa, karameli na sukari ya maziwa. Tuliigawa katika vikombe vidogo, kwa sababu bia za aina hii huwa na kileo kingi, baadhi zikipita asilimia 10. Mzee mmoja, mwenye mibuni tangu ujana wake, alionja, akanyamaza, akasema, “Hii ni Guinness iliyotiwa sukari.”

Hakukosea sana. Mwulize yeyote anayekunywa Guinness ina ladha gani, atakutajia kahawa na sukari iliyoungua. Lakini ndani yake hamna hata buni moja. Mna maji, shayiri, hopsi na hamira. Weusi wake na ile ladha ya kahawa vinatoka kwenye shayiri ambayo haikuoteshwa kuwa kimea, bali ilikaangwa kavu kupita nyuzi 200 za Selsiasi. Buni nazo hukaangwa katika joto la kiwango hicho hicho. Nafaka na mbegu ya tunda, mimea isiyo na udugu wa karibu, hupita katika moto mmoja na kutoka na harufu zinazofanana.

Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mwaka 1912 kinachotokea. Sukari zikikutana na asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, kisha zikapata joto, huungana na kuvunjikavunjika kwa njia nyingi na kuzaa mamia ya molekuli mpya. Baadhi huwa na rangi ya kahawia. Nyingine ni nyepesi, hupaa na kufika puani. Nyama choma, chapati, ganda la mkate na mahindi ya kuchoma vyote vinadaiwa na mmenyuko huo. Karameli halisi ni jambo tofauti kidogo: ni sukari peke yake, bila protini, iliyopashwa mpaka ikaanza kuvunjika.

Buni mbichi, kama zinavyotoka kwenye vitanda vya kukaushia, hazinuki kahawa hata kidogo. Zina harufu ya nyasi, labda na minji. Katika miaka ya 1920 huko Zürich, wanakemia Tadeus Reichstein na Hermann Staudinger waliichambua harufu ya kahawa iliyokaangwa na kutenga molekuli moja yenye salfa ambayo, ikichanganywa na maji kwa kiasi kidogo mno, hunuka kahawa waziwazi, ikizidi, inakera. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel baadaye, kila mmoja kwa kazi nyingine kabisa. Molekuli hiyo hiyo hupatikana pia katika ufuta uliokaangwa na nyama iliyopikwa. Kwa hiyo tunapodai tumeonja kahawa, mara nyingi tumeonja moto.

Wapishi wa pombe wa nchi hii hawakungoja maabara. Magharibi mwa Kenya, unga wa mahindi wa kutengenezea busaa hukandwa na maji, ukaachwa uchachuke siku kadhaa, kisha hukaangwa juu ya bati mpaka ubadilike rangi, ndipo utiwe maji na kimea cha wimbi. Hatua hiyo ya bati ni kemia ya stauti, na nashangaa haitajwi bia nyeusi zinaposifiwa. Shayiri yenyewe si ngeni kwa mlima huu: Timau, upande wa Meru, huilima kwa ajili ya viwanda vya bia.

Tuje kwenye karameli, maana hapo ndipo ulimi hudanganywa. Pwani, muuza kahawa tungu hupitisha na kashata: sukari iliyopikwa ikashikamana na njugu au nazi. Bana pua, kisha tia kipande cha kashata mdomoni. Utamu utaupata, lakini ile harufu ya kupikwa haipo. Achia pua, nayo inaingia mara moja, ikipanda kutoka kooni. Ulimi ulikuwa na sukari tu. Karameli ilikuwa puani.

Na pua huuongezea ulimi chumvi. Mwaka 1999 Richard Stevenson, John Prescott na Robert Boakes walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba harufu ya karameli hufanya maji ya sukari yaonekane matamu zaidi, na hupunguza ukali unaosikika katika maji ya asidi. Harufu yenyewe haina utamu wowote. Ubongo umejifunza, kwa kuipata pamoja na sukari mara nyingi, kuihesabu kama sehemu ya utamu. Kwa mtengeneza bia hiyo ni njia ya mkato. Kwa kahawa yetu ni hasara, nionavyo mimi: kahawa ya miteremko ya Mlima Kenya inasifiwa kwa uchachu wake wenye uhai, na karameli nyingi huufunika kwanza huo. Katika chupa yetu kahawa ingeweza kuwa imetoka popote duniani.

Namna ya kuitia kahawa pia ina maana. Watengenezaji wengi huiloweka katika maji baridi kwa saa nyingi, kisha huimimina kwenye bia iliyokwisha kuchachuka, kwa sababu ikichemshwa harufu nyepesi huruka na uchungu hubaki. Ni somo linalohusu hata jikoni. Kianjokoma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika karibu nyuzi 95 tu, joto linalofaa kabisa kumimina juu ya kahawa iliyosagwa. Kinachoiharibu ni kuipika kama chai, ikitokota mpaka jirani ajue.

Sukari ya maziwa, laktosi, iliwekwa kwa hesabu. Hamira ya bia haina kimeng'enya cha kuivunja, hivyo sukari nyingine zikigeuka kileo, laktosi hubaki na kuipa bia uzito mdomoni. Waingereza waliuza stauti ya namna hiyo, Mackeson, tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Utamu wake haufiki robo ya ule wa sukari ya mezani. Tatizo ni kwamba hata watu wazima wengi hawana kimeng'enya hicho cha kutosha, na laktosi ikifika utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria huishughulikia na tumbo hujaa gesi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake waliwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta mabadiliko ya jeni yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya laktosi, yakiwa mengi hasa katika jamii za wafugaji. Kwa hiyo ukinywa bia ya kitindamlo kisha tumbo likaunguruma usiku, usiharakishe kulaumu kahawa.

Limebaki swali la mhudumu: baridi ama moto? Wageni hucheka wanaposikia Wakenya wakiagiza bia “moto”, ile iliyokaa rafuni bila kuona friji. Kwa stauti hawana sababu ya kucheka. Mwaka 2005 Karel Talavera na wenzake walieleza kwamba mlango mmoja wa seli za ulimi, uitwao TRPM5, unaopitisha ishara ya utamu, hufanya kazi kwa nguvu zaidi joto linapopanda kutoka nyuzi 15 hadi 35. Harufu nazo hupaa kwa wingi kadiri kinywaji kinavyopata joto. Bia iliyogandishwa inakuwa chungu na bubu; utamu uliolipiwa haufiki. Isipokuwa kwamba Julai, ukungu ukishuka kutoka msituni, hata “moto” ya rafu za Kianjokoma ni baridi, na itakubidi uishike chupa kwa mikono miwili kwa muda kabla ya kuifungua.