Radoni chini ya jamvi: nyumba za Rungwe zipimwe

Mtu anayejenga leo Matwebe, au popote kuzunguka Tukuyu wilayani Rungwe, anajenga akiwa na baridi akilini. Kuta ni za tofali za kuchoma, chini kuna jamvi la zege, madirisha ni ya alumini na vioo, juu dari ya jipsamu iliyozibwa mpaka pembeni. Yale matundu ya hewa yaliyokuwa yakiachwa juu ya madirisha, mafundi wengi siku hizi hawayaachi, kwa kuwa mwenye nyumba anasema yanamwingizia ukungu. Nyumba ya mianzi ya wazee wa Kinyakyusa ilipitisha upepo kila upande. Hii ya sasa inatunza joto, na pamoja na joto inatunza chochote kinachopanda kutoka ardhini. Miongoni mwa vinavyopanda imo gesi ya radoni.

Radoni inatokana na urani, ambayo imo kwa viwango vidogo karibu katika kila mwamba na kila udongo duniani. Urani huoza taratibu mno. Nusu yake humalizika kwa miaka bilioni 4.5. Katika kuoza huko hupatikana radiamu, na radiamu ndiyo inayotoa radoni. Urani na radiamu ni vitu vigumu, hubaki ndani ya jiwe. Radoni ni gesi, kwa hiyo inatoka, inapita katikati ya punje za udongo na kuingia nyumbani kwa kupitia ufa wa sakafu au pale bomba la maji lilipotobolewa kwenye zege. Nusu yake huoza kila baada ya siku 3.8, muda unaotosha kabisa kwa safari hiyo. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haikohozi mtu. Nje inachanganyika na upepo na kupotea. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya.

Madhara makubwa hayaletwi na radoni yenyewe, bali na mabaki yake. Ikioza huacha vipande vya poloni, risasi na bismuthi, ambavyo havikai hewani kama gesi, hunata kwenye vumbi na moshi, na mtu akivuta pumzi hubaki kwenye njia za hewa. Hapo poloni hutoa mionzi ya alfa. Karatasi moja inatosha kuuzuia mwonzi wa alfa usipite, lakini ukitokea ndani ya pafu hakuna karatasi. Nguvu yote inaishia kwenye chembe hai zilizo karibu kabisa, na kuharibu vinasaba vyake. Baada ya miaka mingi, chembe moja iliyoharibika inaweza kuwa saratani.

Ushahidi wa kwanza ulitoka migodini. Wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua kwa karne kadhaa, na mwaka 1879 madaktari wakathibitisha kwamba ni uvimbe wa mapafu. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka radoni katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Kilichowashtua watu kuhusu nyumba za kawaida ni tukio la Desemba 1984 huko Pennsylvania, Marekani. Mfanyakazi wa kinu kipya cha nyuklia alikuwa akiamsha kengele za mionzi kazini, mpaka ikagundulika kwamba mionzi ilikuwa haitoki kinuni, alikuwa anakuja nayo kutoka nyumbani. Hewa ya nyumba yake ilikuwa na takriban bekereli 100,000 kwa kila mita ya ujazo.

Bekereli moja ni atomu moja inayooza kila sekunde. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, linashauri nchi zilenge kiwango kisichozidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana, kisivuke 300. Chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu, chenye urefu wa kawaida wa ukuta, kina hewa ya mita za ujazo kama 24. Kikiwa na bekereli 100, atomu 2,400 za radoni zinaoza ndani yake kila sekunde, usiku kucha, huku watoto wamelala.

Je, hatari ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2005 watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti 13 za Ulaya. Walikuta kwamba kila bekereli 100 zikiongezeka, hatari ya saratani ya mapafu inapanda kwa asilimia 16 hivi. Kwa watu 1,000 wasiovuta sigara kabisa, wanaotarajiwa kufa kwa saratani hiyo kabla ya kutimiza miaka 75 ni kama 4 pasipo radoni, na 7 penye bekereli 400. Kwa wavutaji 1,000, ni kama 100 pasipo radoni, na 160 penye bekereli 400. Sigara na radoni zikikaa nyumba moja zinazidishiana. Mvutaji wa Tukuyu akiniuliza aanze na lipi, nitamwambia aache sigara kwanza, kisha apime nyumba.

Sasa turudi kwenye ardhi yetu. Rungwe ni nchi ya volkano: mlima Rungwe wenyewe, Ngozi na ziwa lake la kreta, na Kyejo. Miamba myeusi ya basalti iliyotapakaa huku kwa kawaida haina urani nyingi, na ningependa msomaji alishike hilo kabla hajaingiwa na hofu. Lakini wingi wa urani si jambo pekee. Mlima Rungwe ulilipuka vikali miaka kama 4,000 iliyopita na kumwaga mawe yale mepesi yenye vitundu vingi, ambayo gesi hupita ndani yake bila shida. Chini kuna nyufa za Bonde la Ufa. Kwenye nyufa hizo hupanda kaboni dayoksaidi kwa wingi, kiasi kwamba kijijini Ikama inavunwa kwa biashara na kupelekwa kwenye viwanda vya vinywaji. Gesi nyingi inayopanda kwa nguvu hubeba na radoni njiani. Wataalamu wa jotoardhi wanalijua hilo: Olkaria na kwingineko Kenya huchomeka bomba ardhini, wakavuta hewa ya udongo na kupima radoni ili kujua ufa umepita wapi. Kipimo hicho hutafuta mvuke wa umeme. Mimi nataka kifike na vyumbani.

Hapa nitoe onyo moja la pembeni. Kaboni dayoksaidi na radoni zinaweza kutoka ufa mmoja, lakini haziui kwa namna moja. Kaboni dayoksaidi ni nzito, hutuama mabondeni na mashimoni na kuua kwa dakika chache. Huko Goma mashimo yake huitwa mazuku, na watu wamepotezea humo maisha yao. Ukikuta wadudu na ndege wamekufa ndani ya shimo, usiteremke kumwokoa mbuzi wala mtu. Radoni kazi yake ni ya miaka.

Nyumba yenye radoni haitambuliki kwa macho, na nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana mara kumi. Kupima ndiyo njia pekee. Kipimo cha kuaminika ni kikopo kidogo cha plastiki kisichotumia umeme wala betri. Ndani yake kuna kipande cha plastiki angavu, kama ukucha wa kidole gumba. Kila mwonzi wa alfa unaokigonga huacha kovu lisiloonekana. Maabara hukiloweka kwenye kostiki soda ya moto, ileile wanayotumia watengeneza sabuni, makovu yanatanuka kuwa vishimo, kisha yanahesabiwa kwa hadubini. Kiwekwe chumba cha kulala, kimo cha kifua cha mtu, mbali na dirisha na jiko, na kikae miezi mitatu au zaidi. Vipo vipimo vya mkaa vya siku chache, lakini radoni hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo hivyo ni vya kuonjea tu.

Huku kwetu ningechagua Juni mpaka Agosti, baridi inapofanya kila dirisha lifungwe. Kipimo cha pili kifanyike masika. Mvua ya Tukuyu ikilowesha udongo wa nje, vitundu vyake hujaa maji na gesi hukosa pa kutokea, ikakimbilia udongo mkavu ulio chini ya nyumba.

Mamlaka ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Mwananchi mmoja akiiandikia barua kuomba kipimo ni vizuri. Halmashauri ikiomba vikopo vya shule zake, hasa mabweni ambako wanafunzi hulala wengi chini ya paa moja, ni vizuri zaidi.

Kuna watakaosema moshi wa kuni jikoni unaua wengi kuliko radoni. Ni kweli, na yeyote mwenye uwezo wa kuondoa moshi nyumbani kwake asisubiri kipimo chochote. Dirisha linalofunguliwa asubuhi linasaidia yote mawili. Ila kufungua dirisha hakutoshi kama nyumba ina bekereli mia nne na zaidi, kwa sababu likifungwa usiku gesi inarudi ndani ya saa chache. Kuziba nyufa nako husaidia kidogo tu.

Dawa inayofanya kazi ni bomba. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, jamvi linatobolewa, bomba la PVC la inchi 4 linazamishwa kwenye kokoto za chini na kupandishwa mpaka juu ya bati, na feni ndogo inavuta hewa ya chini na kuitupa nje. Kwa anayejenga, kazi ni nyepesi zaidi: kabla ya kumwaga jamvi, atandaze kokoto safi, alaze bomba lenye matundu katikati yake, afunike kwa nailoni nzito isiyo na tundu, na aache kichwa cha bomba kikisubiri kwenye kona ya ukuta. Nyumba ikipimwa na kukutwa salama, kichwa hicho kinafungwa kwa kifuniko. Ikikutwa na radoni, kinaunganishwa mpaka juu ya paa, kisha nyumba inapimwa tena.