"Niko Poa, Mathee"

Manze, Durban ina bichi kali, na hiyo maji ni Bahari ya Hindi tu, ileile ya Mombasa. Lakini ukiparki ndai kule tauni, msee wa refleksa mwenye anakuonyesha nafasi, mara mob anabonga Kiswahili. Ametoka Bukavu ama Uvira, huko Congo. Wengine walikuwa maticha kwao. Saa hii wanachunga magari ya watu wakingojea sarafu, na parkingi zingine lazima wakohoe ganji kwanza ndio wasimame hapo. Siku ikilala, msee anarudi keja Albert Park na deni.

Mathee wake akipiga simu kutoka Kivu, anaambiwa, "Niko poa." Hiyo "niko poa" ndio inanitisha.

2017 kulichapishwa utafiti wa wakimbizi 335 wa Kiafrika Durban. Kama nusu hivi walikuwa na dalili za depreshoni, kama nusu pia anzaiti, na karibu robo bado walikuwa wanasumbuliwa na mambo mazito waliyopitia.

Depreshoni si kuboeka. Ni wiki mbili kuendelea, karibu kila siku, roho iko chini ama vitu ulikuwa unadai, boli, ngoma, hata msosi, hazikubambi tena. Usingizi unahepa ama unakulemea. Unaanza kujiona mzigo. Na mara mob haijitaji jina: inakuja kama kichwa, mgongo, tumbo, msee anameza tu dawa za maumivu. Anzaiti nayo ni moyo kwenda mbio na hakuna mwenye anakukimbiza, kifua inabana ukiona tu umati.

Na Durban kuna sababu ya kuogopa umati. 2008 wageni walichapwa. Aprili 2015 ngori ikarudi, familia zikalala kwa mahema Isipingo na Chatsworth. Ongeza karatasi ya asailamu ya miezi tu: unarinyu, inaekspaya, unarinyu tena. Utapanga maisha aje? Halafu mtu anakuja na "jikaze, we ni mwanaume." Hapana, hiyo inaumiza zaidi.

Sheria ya Wakimbizi ya South Africa ya 1998 inampa mkimbizi haki ya matibabu ya msingi. Lakini 2025 kuna vikundi vilisimama kwa mageti ya kliniki na hospitali Durban, hospitali ya Addington ikiwemo, vikirudisha wageni. Msee mwenye kutoka kitandani pekee kunammaliza, ndio apite hapo? Hii inaniuma vibaya.

Denis Hurley Centre, kando ya Emmanuel Cathedral, wanasaidia wakimbizi na wasee wa kulala nje. SADAG, kikundi cha kusaidia watu wa depreshoni na anzaiti, wanashika simu bure, 0800 567 567. Na kama ni beshte yako, wachana na "uko aje" ya kupita. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, na muulize wazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumpei hiyo wazo. Akikubali, usimwache solo. Kaa naye, mpige hiyo namba pamoja.