Bagira: Yule mzee mnene anayecheka si Buda

Bagira, komini ya mji wa Bukavu, haina shida ya makanisa. Wakatoliki wapo, Waprotestanti wapo, makanisa ya uamsho yanasikika usiku kucha, na Waislamu nao wapo. Mtu wa dini ya Kibuda ndiye vigumu kumuona. Hata hivyo jina la Buda linajulikana, kupitia filamu za karate na ile sanamu ndogo ya mzee mnene, tumbo wazi, anayecheka.

Wengi wanasema ndiye mungu wa Wachina. Wengine wanaiita sanamu ya uchawi, na katika Kivu ya Kusini neno hilo si la kuchezea: mwaka 2021, wanawake kadhaa wa Kabare, Kalehe na Mwenga waliuawa na makundi ya watu kwa kushutumiwa uchawi tu.

Sanamu ile si ya Buda. Ni ya Budai, mtawa wa China anayesemekana aliishi miaka ya 900, akitembea na mfuko wa kitambaa. Jina lake maana yake ni mfuko huo. Wafanyabiashara wanamuweka dukani wakitafuta bahati.

Buda mwenyewe ni Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini, leo katika inchi ya Nepal, akafundisha kaskazini mwa India zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Hakujiita Mungu wala muumba. Alifundisha mateso yanatoka wapi na namna ya kuyamaliza. Kweli, waumini wengi wanapiga magoti mbele ya sanamu zake. Hapo kosa la wakaaji wa Bagira linaeleweka.

Wala si kila Mchina ni Mbuda. Inchi ambako zaidi ya watu 9 kwa 10 wanafuata dini hiyo ni kama Thailand na Kambodia. Huko watawa wanapokea chakula asubuhi katika bakuli, na nyama ikiwekwa, wengi wanakula.

Hata Mwafrika anaweza kuwa mtawa. Steven Kaboggoza wa Uganda alienda India mwaka 1990 kusoma, akakutana na watawa wa Thailand. Leo anaitwa Bhante Buddharakkhita, na mwaka 2005 alianzisha kituo cha Kibuda karibu na Entebbe. Amesimulia kwamba nyumbani wengine walimdhania mganga wa kienyeji, na bakuli lake wakaliita ngoma. Baadaye mama yake mzazi naye akawa mtawa.