PANGA MAZAO YAKO KWA HESABU



Huku kwetu Ufipa mvua za kupandia huanza mwezi wa Novemba. Kabla hazijaanza, kila mkulima hujiuliza: mwaka huu nipande nini, na katika shamba lipi? Wengi hujibu upesi: mahindi. Mwaka unaofuata hujibu tena: mahindi. Baada ya miaka michache ardhi inachoka, na magunia yanapungua.

Iko hesabu inayoweza kukusaidia. Inaitwa hesabu ya mipangilio. Wanafunzi wa sekondari huulizwa maswali yake katika mitihani. Ukiielewa, utapanga mashamba yako vizuri. Tena utaweza kukaa na mwanao na kumsaidia anapojiandaa kwa mtihani. Kinachotakiwa ni kujua kuzidisha tu.

MAZAO MATATU, MIAKA MITATU

Chukua punje ya mahindi, punje ya maharage na punje ya ulezi. Chimba vishimo vitatu vidogo katika mstari mmoja. Kishimo cha kwanza ni mwaka wa kwanza. Cha pili ni mwaka wa pili. Cha tatu ni mwaka wa tatu. Kila kishimo kitapata punje moja. Je, kuna njia ngapi za kuzipanga?

Usikisie. Anza na kishimo cha kwanza. Una punje 3 mkononi, kwa hiyo una njia 3 za kukijaza. Ukishaweka moja, mkononi zimebaki 2. Kishimo cha pili kina njia 2. Sasa imebaki punje 1 tu, nayo inaingia kishimo cha tatu. Zidisha:

3 × 2 × 1 = 6

Kwa nini tunazidisha? Kwa sababu kila njia ya kujaza kishimo cha kwanza inafuatwa na njia 2 za kujaza cha pili. Hizi hapa njia zote 6:

1. Maharage, mahindi, ulezi
2. Maharage, ulezi, mahindi
3. Mahindi, maharage, ulezi
4. Mahindi, ulezi, maharage
5. Ulezi, maharage, mahindi
6. Ulezi, mahindi, maharage

NJIA IPI NI BORA?

Hesabu imekuonyesha njia zote. Kuchagua ni kazi ya ukulima.

Ng'oa mche wa maharage uangalie mizizi yake. Utaona vinundu vidogo. Ndani yake wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mche. Majani na mizizi ya maharage ikioza shambani, sehemu ya chakula hicho hubaki katika udongo. Mahindi hupenda sana naitrojeni. Kwa hiyo ni vizuri mahindi yafuate maharage. Ulezi huridhika na rutuba ndogo zaidi, basi na ufuate mahindi. Lakini usiache samadi na mboji, kwa sababu maharage peke yake hayatoshi.

Jambo hili si geni Ufipa. Wazee wetu walifukia majani katika matuta ya ntumba yakaoza. Walijua kwamba zao la leo hulitengenezea udongo zao la kesho.

Sasa, kama una mashamba matatu, usipande zao moja katika yote. Fanya hivi:

Mwaka wa kwanza: shamba A maharage, shamba B mahindi, shamba C ulezi.
Mwaka wa pili: shamba A mahindi, shamba B ulezi, shamba C maharage.
Mwaka wa tatu: shamba A ulezi, shamba B maharage, shamba C mahindi.

Mwaka wa nne unaanza upya. Angalia: katika kila shamba mahindi yanafuata maharage. Na kila mwaka nyumba yako ina unga wa ugali, mboga, na ulezi wa uji. Zao moja likiharibika, hamtalala njaa.

UKIONGEZA ZAO LA NNE

Tuseme unaongeza alizeti, na sasa unapanga miaka minne. Njia ni 4 × 3 × 2 × 1 = 24. Ni nyingi, si rahisi kuziandika zote bila kusahau moja.

Lakini una sharti: mahindi yafuate maharage mara moja. Basi yafunge maharage na mahindi pamoja kama mzigo mmoja, maharage yakitangulia. Sasa una vitu 3 tu: mzigo, ulezi na alizeti. Njia ni 3 × 2 × 1 = 6.

Mwanafunzi awe mwangalifu hapa. Swali likisema tu kwamba maharage na mahindi yakae jirani, bila kusema lipi litangulie, mzigo unaweza kufungwa kwa namna 2. Jibu linakuwa 6 × 2 = 12. Wengi hukosa kwa sababu hawakusoma swali mpaka mwisho.

JE, NAFASI ZINATOFAUTIANA?

Hili ndilo swali la kujiuliza kwanza. Una mazao 4, na unataka kupanda mawili: moja shamba la mtoni, jingine shamba la mlimani. Njia ni 4 × 3 = 12. Mahindi mtoni na ulezi mlimani si sawa na ulezi mtoni na mahindi mlimani.

Lakini kama unakwenda Sumbawanga mjini kununua mbegu za aina mbili tu, kutaja mahindi na ulezi ni sawa na kutaja ulezi na mahindi. Kila jozi imehesabiwa mara 2. Basi gawanya: 12 ÷ 2 = 6.

JIPIME

Ongeza viazi mviringo ili mazao yawe 5 kwa miaka 5.
(a) Kuna njia ngapi za kuyapanga?
(b) Kuna njia ngapi ikiwa mahindi lazima yafuate maharage mara moja?

Fanya kwanza wewe mwenyewe, pamoja na watoto, ndipo utazame majibu.

Majibu: (a) 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 120. (b) 4 × 3 × 2 × 1 = 24.

Kisha chora mashamba yako katika daftari. Andika kila shamba lilipandwa nini mwaka jana, na litapandwa nini mwaka huu. Daftari hilo litunze vizuri kama unavyotunza mbegu.