Saa ya kwanza ya mkono: Usinunue jina, nunua saa

BABA yangu mdogo anafuga ng'ombe watatu wa maziwa. Gari la kukusanya maziwa hupita kijijini kwake saa 1:30 asubuhi, na halimsubiri mtu.

Siku moja alirudi kutoka mjini akiwa amevaa saa inayong'aa kama dhahabu, yenye jina kubwa la Uswisi. Aliinunua stendi kwa Sh35,000, na muuzaji alimwapia kwamba ni "orijino". Wiki ya tatu saa hiyo ilianza kuchelewa. Asubuhi moja alifika barabarani akiamini ana dakika kumi za ziada, akakuta vumbi la gari tu.

Lita 20 zilibaki mikononi mwake. Kwa bei ya Sh1,000 kwa lita, alipoteza Sh20,000 kwa asubuhi moja, zaidi ya nusu ya bei ya saa yenyewe. Baada ya miezi saba saa ikasimama kabisa, na fundi alipoifungua alimwambia mashine yake haina vipuri.

Wapo watakaosema siku hizi simu inatosha. Lakini simu huisha chaji, na anayekamua au kupiga dawa shambani hawezi kuitoa mfukoni kila mara kwa mikono iliyolowa. Saa ya mkono bado ni chombo cha kazi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapoinunua mara ya kwanza tunaichagua kama pambo.

Bandia ni ipi?

Tutofautishe mambo mawili. Saa inayofanana kwa umbo na saa maarufu, lakini imeandikwa jina la mtengenezaji wake mwenyewe, kwa kawaida ni bidhaa halali ya bei nafuu. Saa iliyobandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza ndiyo bandia, hata kama inatembea vizuri.

Saa mpya ya Rolex huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Ukiuziwa kwa Sh50,000, usijiulize mara mbili. Fedha yako imelipia maandishi na rangi ya dhahabu, na kilichobaki ndicho kilichonunua mashine. Ndiyo maana mashine huwa duni.

Piga hesabu ya mwezi

Wakulima tunajua kwamba jembe la bei ndogo linalovunjika msimu wa kwanza ni ghali. Saa nayo ipimwe hivyo hivyo: gawa bei kwa miezi itakayofanya kazi.

Saa ya baba mdogo iligharimu Sh35,000 na kudumu miezi saba, yaani Sh5,000 kwa mwezi. Tuchukue mfano wa saa rahisi ya plastiki lakini halisi, kwa bei hiyo hiyo, itakayodumu miaka saba. Ongeza Sh5,000 za kubadili mkanda, jumla Sh40,000. Ukigawa kwa miezi 84, unapata kama Sh476 kwa mwezi. Hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya gharama ya ile bandia.

Mfano wa saa ya namna hiyo ni Casio F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Mtengenezaji anakadiria betri yake itadumu takriban miaka saba, na kwamba haitapotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Ukiirekebisha kila mwisho wa mwezi kwa kufuata taarifa ya habari ya redioni, hutaachwa na gari.

Asiyependa kununua betri anaweza kuweka akiba kwa ajili ya saa inayojijaza kwa mwendo wa mkono, kama Seiko 5, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963. Bei yake ni kubwa zaidi na usahihi wake hauifikii saa ya betri, lakini inaweza kufanyiwa matengenezo na kutumika miaka mingi.

Kagua kabla ya kulipa

Kwanza, tazama mshale wa sekunde. Saa nyingi za betri huruka mara moja kila sekunde. Saa ya kujijaza hupiga mara kadhaa kwa sekunde, hivyo mshale huonekana kama unateleza. Muuzaji akisema ni "automatiki" na mshale unaruka sekunde kwa sekunde, maelezo yake yana walakini. Hata hivyo, kuteleza peke yake si ushahidi kwamba saa ni halisi.

Pili, jaribu vitufe vyote. Saa nyingi bandia zina visaa vidogo usoni ambavyo ni picha tu. Kwa F-91W, bonyeza kitufe cha kulia kwa muda wa sekunde tatu bila kuachia. Neno CASIo linapaswa kutokea. Lisipotokea, irudishe mezani. Likitokea, endelea kukagua, kwa kuwa waigaji nao hujifunza.

Tatu, usidanganywe na maandishi ya maji. Saa iliyoandikwa mita 30 haimaanishi unaweza kupiga nayo mbizi kina hicho. Inavumilia matone ya mvua au ya kunawa. Kwa kuogelea, tafuta iliyoandikwa mita 100.

Nne, uliza habari za kioo na mkanda. Chembe za mchanga zinaweza kukwaruza plastiki na kioo cha kawaida, kwa hiyo usiifute saa kwa kitambaa chenye vumbi. Chagua mkanda wa upana wa kawaida, kama milimita 18 au 20, ambao ni rahisi kuubadilisha.

Tano, angalia ngozi yako. Baadhi ya vyuma vya bei ya chini vina nikeli, ambayo huwasha na kuwatoa vipele baadhi ya watu. Ukiona hivyo, hamia kwenye mkanda wa plastiki au wa kitambaa.

Mwisho, dai risiti na dhamana, hata ya miezi mitatu. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi amekwisha kukuambia ubora wa saa yake.

Kwa mfanyabiashara mdogo

Kuna wanaovutiwa kuanza biashara ya saa za majina makubwa kwa sababu zinatoka haraka. Hapa Tanzania, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inafanya kuwa kosa kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi, au kuwa nayo kwa ajili ya kuuza. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayosimamia, na bidhaa zinazokamatwa huteketezwa. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008.

Tufanye umenunua saa 50 kwa Sh12,000 kila moja. Mtaji wako ni Sh600,000, na ukikamatwa unaondoka wote kwa siku moja. Usipokamatwa, bado kuna wateja watakaorudi. Ukiuza kwa Sh20,000, faida yako ni Sh8,000 kwa saa. Kila saa unayorudishia mteja fedha yake inakula faida ya saa mbili na nusu. Usiporudisha fedha, unapoteza mteja, na katika soko dogo habari husambaa haraka.

Saa 50 zenye jina la mtengenezaji halisi, hata lisilojulikana, zinaweza kukupa faida ndogo zaidi kwa kila moja. Lakini utazipanga mezani mchana bila kuangalia nyuma.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Jina la kuazima nalo halitunzi muda. Baba mdogo sasa anavaa saa nyeusi ya plastiki ambayo hakuna aliyewahi kuisifia. Tangu aanze kuivaa, gari la maziwa halijamwacha.