Wapagazi wa 1917: Tuwakumbuke kwa Majina Yao



Kila mwaka ifikapo tarehe 2 Novemba, makanisa mengi ya huku kwetu husoma majina ya marehemu. Kila familia huleta karatasi yake, na msomaji huyataja moja moja. Anayesubiri jina la baba yake hutega sikio mpaka alisikie, ndipo moyo hutulia. Katika toleo hili tunapenda kuzungumza juu ya watu waliokufa wakiwa kazini, hapa hapa Chiwata na katika njia za kwenda Newala, ambao majina yao hayajasomwa popote.

Mfano kutoka Kanada

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 12 Machi 2009 helikopta iliyokuwa ikiwapeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta baharini ilianguka katika bahari ya Atlantiki, karibu na Newfoundland nchini Kanada. Giaboksi yake ilikuwa imepoteza mafuta ya kulainishia. Kati ya watu 18 waliokuwamo, 17 walikufa. Tume ya uchunguzi iliundwa, na kumbukumbu ikajengwa katika mji wa St. John's. Jamaa zao wanajua nani alikufa, siku gani, na kwa sababu gani.

Sisi wa kusini mambo haya yanatuhusu. Tangu mwaka 2010 gesi nyingi imegunduliwa katika kina cha bahari ya Lindi na Mtwara, na vijana wetu wanatazamia ajira huko. Ni haki kujiuliza: mfanyakazi akifa kazini, anastahili nini? Kabla ya kujibu kuhusu kesho, tutazame deni la jana.

Vita vilipofika Chiwata

Katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya mapigano makali ya Mahiwa ya Oktoba 1917, jeshi la Wajerumani chini ya Jenerali von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma hadi Chiwata. Mwezi Novemba Waingereza walilisogelea, nalo likapanda mlima wa Makonde, likapita Newala, na tarehe 25 Novemba likavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mamia ya wagonjwa na majeruhi waliachwa nyuma. Waliovuka walikuwa askari Waafrika wapatao 1,700, Wazungu wapatao 300, na wapagazi na watu wengine wapatao 3,000.

Tuzitazame hesabu hizo: wabeba mizigo walikuwa wengi kuliko wabeba bunduki. Kwa upande wa Waingereza pia ilikuwa hivyo. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara za magari zilikuwa chache. Mwezi huo huo Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha angani, L59, kutoka Bulgaria kikiwa na tani zipatazo 15 za dawa na risasi kwa ajili ya jeshi lao la huku. Kilifika Sudan kikarudi. Basi kila kitu, kuanzia unga hadi risasi, kilibebwa na binadamu.

Wahenga husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Mwaka ule mzigo huo waliubeba pia Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera. Wengine waliajiriwa, wengi walikamatwa kwa nguvu vijijini. Kila anayeishi juu ya mlima wa Makonde anajua shida ya maji yake, kwamba yanafuatwa chini bondeni. Fikirini basi kuupanda mlima huo na mzigo wa kilo 25, tumbo likiwa tupu.

Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Inakadiriwa kuwa Waingereza walitumia wapagazi karibu milioni moja katika vita hivyo, na waliokufa wanakaribia 100,000. Kwa upande wa Wajerumani hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa wapagazi wengi hawakuandikwa kabisa.

Majina yalipotea vipi?

Jina la Kariakoo, mtaa maarufu wa Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi pale. Mwaka 1927 sanamu ya Askari iliwekwa katikati ya jiji hilo. Maandishi yake yanawataja wapagazi, ila kwa ujumla tu. Makaburi ya askari wa Kizungu yalipewa mawe yenye majina, lakini ya wapagazi yaliachwa yamezwe na pori. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi, kwa hoja kwamba warithi hawakujulikana. Hapo tunaona kwamba kupotea kwa jina kulimnyima mjane hata haki yake ya fedha.

Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa hilo. Ripoti yake ilieleza kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kamati zetu zifanye nini?

Radhi imeombwa London, lakini majina yako huku kwetu, vichwani mwa wazee. Nao wazee wa leo ni wajukuu wa wapagazi wale. Tukichelewa, watayazika pamoja nao. Tunashauri haya:

1. Kila kamati iwe na daftari moja. Liandikwe jina la mpagazi, jina la baba yake, kijiji, jeshi lililomchukua, na familia inavyosimulia juu ya mwisho wake.

2. Waulizwe wazee wote, Wakristo na Waislamu. Mzigo haukuuliza dini. Pia wasibaguliwe waliobeba kwa Wajerumani na waliobeba kwa Waingereza.

3. Pasipojulikana paandikwe "haijulikani". Tusibuni jambo ili kujaza nafasi.

4. Nakala ya pili ihifadhiwe mahali pengine, maana mchwa na mvua havina huruma.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: huenda mkapenda kuanza na mnara. Tunashukuru, lakini mnara usio na majina tunao tayari Dar es Salaam. Kwanza tusaidieni daftari, kalamu na nauli ya mtu wa kuzunguka vijijini. Jiwe litafuata, nalo litakuwa na cha kuandikwa.

Na siku kijana wetu akienda kufanya kazi baharini, tuhakikishe jina lake na la mrithi wake yameandikwa kabla hajapanda chombo. Hilo ndilo somo tulilorithi kwa wapagazi wale.

Novemba ijayo, pamoja na karatasi za familia, daftari hilo nalo lisomwe.